Mkataba Unaisha Desemba, Mtoto Anazaliwa Januari

Likizo ya uzazi si zawadi ya bosi, wala haikuandikwa kwa ajili ya walioajiriwa kwa kudumu peke yao. Lakini kwa sisi wa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, kukaa kimya kunaweza kukugharimu kila kitu. Mhariri wako ni shahidi.

Mpenzi msomaji, mwezi huu naomba tuweke kando kidogo mambo ya mawifi na michango ya harusi. Nataka nikusimulie yaliyonikuta mimi mwenyewe. Nimeyakalia miaka mingi kwa sababu ya aibu. Nimeamua kuyatoa kwa kuwa kila mara nakutana na mdada aliyesoma, anayejiamini, ana kazi nzuri, ila akishika mimba tu anaanza kukosa usingizi: nitawaambiaje kazini?

Mwaka 2016 nilikuwa na miaka 27. Ndoa yetu ilikuwa ya mwaka mmoja na nusu, tumepanga chumba na sebule Kambarage, Shinyanga, karibu na uwanja wa mpira. Stand United wakifunga bao, kelele zilikuwa zinaingia mpaka jikoni. Mume wangu alikuwa mwalimu wa sekondari, ajira ya serikali, ya kudumu. Mimi nilikuwa na shahada yangu ya mawasiliano na kazi kwenye kampuni moja ya kandarasi iliyokuwa ikihudumia migodi ya ukanda wetu. Jina lake tuliache. Nilikuwa naandika jarida la ndani, napiga picha, nahudhuria mikutano ya vijiji. Wiki 2 kambini, wiki 1 nyumbani. Mshahara wangu ulikuwa unazidi wa mume wangu, na sote wawili tulilijua hilo bila kuambiana.

Ila mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja. Kila wiki ya kwanza ya Desemba tulikuwa tunaitwa mmoja mmoja ofisi ya utawala, tunasaini mwingine, tunarudi kazini. Nilianza Januari 2013, na mkataba ukaongezwa mara 3 bila neno. Nilishaizoea hali hiyo mpaka nikasahau kwamba ni mkataba.

Mei 2016 kipimo kikaonyesha mistari miwili. Tulifurahi, tukakumbatiana, kisha nikaanza kuhesabu kwa vidole. Mtoto angezaliwa katikati ya Januari. Mkataba ulikuwa unaisha tarehe 31 Desemba.

"Tusubiri wakusainishe kwanza," mume wangu akasema. "Ukishasaini, watafanya nini?"

Nikaona ni hesabu nzuri. Tukakubaliana kunyamaza.

Koti la reflekta lilificha mengi

Kwenye migodi kila mtu anavaa koti pana la reflekta, kofia ngumu na buti. Kwa mwanamke anayeficha mimba hakuna sare nzuri kuliko hiyo. Miezi 5, miezi 6, hakuna aliyeuliza. Kichefuchefu nikasingizia malaria. Vipimo vya kliniki nikavipanga kwenye wiki yangu ya nyumbani.

Novemba ilikuwa mwezi wa usalama kazini, na mimi ndiye niliyepangiwa kupiga picha za shifti ya usiku. Usiku 6 mfululizo, tumbo la miezi 7, kamera shingoni, vumbi na mtikisiko wa magari makubwa. Nilikuwa naingia saa 2 usiku natoka alfajiri miguu imevimba kama mito. Usiku wa mwisho, kwenye foleni ya chakula, macho yakaingia giza. Nesi wa kambi akanilaza, akanifungua koti, akanitazama.

"Dada, hii ni ya miezi mingapi?"

Habari kambini hazina mguu lakini zinatembea. Tarehe 5 Desemba nikaandika barua ya kuomba likizo ya uzazi. Tarehe 9 Desemba nikapewa barua yangu. Ilikuwa na mistari 4: mkataba utafika mwisho wake wa kawaida tarehe 31 Desemba, kampuni haitauongeza, rudisha vifaa vya kazi, asante kwa utumishi wako. Katika kitengo chetu tulikuwa 3 wenye mikataba ya aina moja. Wenzangu 2, wote wanaume, walisaini mipya wiki ileile. Februari nafasi yangu ikatangazwa.

Kofia, buti, kompyuta na kadi ya bima nikavirudisha pamoja. Binti yetu alizaliwa tarehe 11 Januari 2017. Gharama tulilipa kwa fedha tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya kodi ya miezi 6.

Arobaini na siku 30

Mama mkwe alikuja kutoka Maswa na unga wa uji na dengu. Akanikanda, akanilisha, akanikataza kutoka nje mpaka arobaini iishe. Jioni moja, mtoto amelala, akaniuliza taratibu:

"Mwanangu, hao wa kazini uliwaficha mpaka mwezi wa ngapi?"

"Wa nane unaanza, mama."

Akacheka kidogo. "Watu husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mimba nayo ulidhani utaifunika na koti?"

Arobaini ilipoisha, tarehe 21 Februari, nikaenda kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo wengi wanaiita CMA. Mtoto mgongoni, bahasha mkononi. Afisa aliyenipokea alikuwa mama wa makamo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasoma mikataba yangu yote 4 na ile barua. Akaniuliza maswali machache ya maana. Kisha akatazama kalenda ukutani.

"Mama, mbona umechelewa? Malalamiko ya kuachishwa kazi yanaletwa ndani ya siku 30. Zako zilikwisha tarehe 30 Januari."

Tarehe 30 Januari mtoto wangu alikuwa na siku 19. Nilikuwa ndani, nanyonyesha, napasuka chuchu, sijui hata kama kuna siku zinazohesabiwa.

Akanieleza kwamba mlango haujafungwa kabisa. Naweza kuomba kuongezewa muda, nikieleza sababu za msingi za kuchelewa, nao wataipima. Akanipa fomu. Nikarudi nayo nyumbani kama mtu aliyeokota dhahabu.

Usiku ule tukakaa mezani. Mume wangu akaigeuza ile fomu, akasema, "Tukiwashtaki, hakuna kampuni ya migodi itakayokuchukua tena. Kanda hii ni ndogo, wote wanajuana." Nami nilikuwa nimechoka. Nikaiweka ndani ya faili la vyeti. Fomu hiyo ninayo hadi leo, haijajazwa.

Sitakudanganya kwamba ningeshinda. Ninachojua ni kwamba nilikuwa na haki ya kusikilizwa, nikaiacha ipite kwa kutoijua na kwa woga. Ndiyo maana naandika.

Sheria inasema nini hasa?

Wengi wetu tunaamini likizo ya uzazi ni ya "walioajiriwa", na sisi wa mkataba tunapata kwa hisani. Si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikutenganisha. Inamtaja mfanyakazi, na mwenye mkataba wa muda maalumu ni mfanyakazi.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, unastahili siku 84 za likizo yenye malipo, au siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Unaweza kuianza wiki 4 kabla ya tarehe unayotarajia kujifungua, au mapema zaidi daktari akithibitisha kwamba afya yako au ya mtoto inahitaji. Ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua huruhusiwi kurudi kazini, isipokuwa daktari aseme uko sawa. Ikitokea bahati mbaya mtoto akafariki ndani ya mwaka mmoja, unastahili siku nyingine 84. Mwajiri analazimika kukupa likizo hiyo kwa awamu 4.

Sasa tufike kwenye yale yanayotugusa watu wa mkataba.

La kwanza ni miezi 6. Mwenye utumishi wa chini ya miezi 6 hana haki ya likizo yenye malipo chini ya sheria hii. Lakini ukiwa umefanya kazi kwa mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, vipindi vyako vinajumlishwa, na vikizidi miezi 6 umeingia. Kwa hiyo wewe unayepewa mikataba ya miezi 3 mitatu, usikubali kuambiwa kila mkataba unaanza na sifuri. Jumlisha.

La pili ni taarifa. Unatakiwa umjulishe mwajiri angalau miezi 3 kabla ya tarehe unayotarajia kujifungua, ukiambatanisha cheti cha daktari. Mtoto wangu alitarajiwa katikati ya Januari, maana yake barua yangu ilitakiwa iwe mezani katikati ya Oktoba. Mimi nilipeleka Desemba.

La tatu ni usiku. Sheria inamzuia mwajiri kumpangia au kumruhusu mjamzito kufanya kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ndani ya miezi 2 kabla ya kujifungua, au mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Kwa miezi 2 baada ya kujifungua ni hivyohivyo. Kama kazi ni ya hatari kwa mama au mtoto, mwajiri anatakiwa kumpa kazi nyingine inayofaa, pale inapowezekana, kwa masharti yasiyopungua ya awali. Fikiria dada wa maabara anayeshika kemikali, au dereva wa gari kubwa la mgodini. Mimi zile usiku 6 za Novemba zilikuwa haki yangu kuzikataa. Ningezikataaje wakati hakuna aliyejua kwamba nina mimba?

La nne ndilo zito zaidi, naomba ulisome mara mbili. Likizo haiongezi mkataba. Mkataba ukifika mwisho kwa haki, umefika. Ambacho sheria inakataza ni kuufanya ujauzito kuwa sababu. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya mimba ni uachishaji usio wa haki, na kumbagua kazini kwa sababu ya mimba kumekatazwa. Sheria ileile inahesabu kuwa ni kuachishwa kazi pale mwajiri anapokataa kuongeza mkataba wa muda maalumu wakati mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba utaongezwa. Na akikukatalia kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi, nako ni kukuachisha kazi.

Matarajio ya msingi ni nini? Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka mfanyakazi aonyeshe kitu cha kushikika, mathalani mkataba kuwahi kuongezwa huko nyuma, au ahadi ya mwajiri. Kutamani tu hakutoshi. Mimi nilikuwa na mikataba 4 mkononi. Ila sikuwa na barua ya Oktoba kuonyesha kwamba waliijua mimba mapema, wala sikufika kwa wakati.

Msomi alificha, mpishi akaandika

Mtaani kwetu Kambarage alikuwepo dada mmoja, mpishi kwenye kambi ya mgodi mwingine. Elimu yake darasa la saba. Alikuwa ameajiriwa na mkandarasi wa chakula. Alipopata mimba, kliniki wakamwambia ni mapacha. Sisi Wasukuma hapo majina yapo tayari, Kulwa na Doto, hakuna haja ya kufikiri.

Yule dada hakuficha. Mimba ilipofika miezi 5 akaandika barua kwa mkono, nakala 2, akaambatanisha karatasi ya kliniki iliyosainiwa na daktari. Msimamizi wake akasema, "Sisi ni wakandarasi tu, mambo ya likizo ni ya mgodi." Akaenda mgodini, akaambiwa, "Wewe si mfanyakazi wetu." Mpira wa danadana. Kama umewahi kufanya kazi kwenye ukanda huu, kuanzia Mwadui, Kahama mpaka Geita, mchezo huo unaujua: kampuni mama, mkandarasi, mkandarasi wa mkandarasi, na wewe uko chini kabisa.

Alichofanya ni kutoa mkataba wake akasoma jina lililo juu. Akatoa taarifa yake ya NSSF akatazama nani anamkatia michango. Majina yakafanana: ni mkandarasi wa chakula. Anayekulipa mshahara na kukupa amri ndiye mwajiri wako, hata kama geti unaloingilia lina jina jingine. Akaenda kwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi. Kwenye sekta hii vipo vyama kama TAMICO na NUMET. Kiongozi akaenda naye ofisini, barua ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Akapata siku zake 100 na mshahara wake. Akarudi jikoni.

Nilipomsimulia yangu alinitazama kwa huruma, akasema, "Kwa hiyo wewe msomi ulificha, mimi mpishi nikaandika barua." Hakukusudia kunichoma, lakini lilichoma.

Na wale wasio na karatasi kabisa? Wapo wengi. Nenda kwenye makarasha ya Geita uone kina mama wanaoponda mawe na kubeba maji, mtoto amelazwa kwenye kivuli cha turubai. Siku usipofanya kazi huli. Kwao sheria bado iko mbali. Lakini hata kibarua asiye na mkataba wa maandishi ana pa kushika: Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, inamchukulia mtu kuwa ni mfanyakazi hata kama ameitwa kibarua, iwapo, kwa mfano, amemfanyia kazi mtu mmoja kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 iliyopita. Mwajiri ndiye atakayetakiwa kuonyesha vinginevyo.

Tumetoka wapi, tuko wapi

Haki hii ilipiganiwa. Miaka ya 1970 ndipo likizo ya uzazi yenye malipo ilipoenezwa hapa nchini kwa wanawake wote walioajiriwa, awe ameolewa au hajaolewa. Kabla ya hapo pete ilikuwa na maana kubwa kuliko tumbo.

Majirani zetu nao wana zao. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, inatoa miezi 3 yenye mshahara kamili. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2006, ni siku 60 za kazi. Shirika la Kazi Duniani, kupitia mkataba wake namba 183 wa mwaka 2000, linataka zisipungue wiki 14. Siku zetu 84 ni wiki 12.

Habari njema zipo. Kwenye Mei Mosi ya mwaka 2024 iliyofanyika Arusha, serikali iliahidi kuwakumbuka mama wanaojifungua watoto njiti. Mwanzoni mwa 2025 Bunge likapitisha marekebisho ya sheria za kazi, na sasa likizo ya mama wa njiti inaongezwa kufidia muda hadi mtoto atimize wiki 40 za ujauzito. Aliyewahi kukaa wodini na mtoto wa kilo moja na nusu anajua uzito wa jambo hili.

Mambo 7 ya kufanya ukiwa na mkataba

1. Soma mkataba wako leo, kabla ya mimba. Tazama jina la mwajiri, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kama kuna kifungu cha likizo. Mkataba unaweza kukupa zaidi ya sheria, ila hauwezi kukupa pungufu.

2. Tunza mikataba yote ya nyuma. Ile mizee ndiyo ushahidi wa matarajio yako. Piga picha, jitumie kwenye barua pepe yako binafsi, si ya ofisi.

3. Andika barua mapema, miezi 3 kabla au zaidi, pamoja na cheti cha daktari. Nakala 2. Moja igongwe muhuri au isainiwe na aliyeipokea, ikae nyumbani. Kumwambia bosi kwa mdomo kwenye korido si taarifa.

4. Kazi za usiku na za hatari ziombee mabadiliko kwa maandishi. Usione aibu. Hilo si kudeka.

5. Fuatilia NSSF. Lipo fao la uzazi kwa mwanachama mwenye michango isiyopungua miezi 36 na anayetimiza masharti mengine. Ulizia ofisini kwao mapema, si ukiwa umeshajifungua.

6. Panga kunyonyesha. Ukirudi, mwajiri anatakiwa kukuruhusu kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Kama kambi iko mbali na nyumbani, zungumzeni kabla ya kurudi mtafanyaje.

7. Hesabu siku 30. Ukiachishwa kazi, malalamiko yaende CMA ndani ya siku 30. Mizozo mingine, kama kunyimwa malipo ya likizo, ni siku 60. Wewe uko kwenye arobaini? Basi mwenzio, ndugu au kiongozi wa chama akuulizie utaratibu mapema, ujue cha kufanya kabla siku hazijayeyuka. Na kama zimeshapita, usifanye kama mimi. Jaza fomu ya kuomba kuongezewa muda, eleza sababu.

Kwa akina baba, kaeni kidogo

Wapo wanaume wanaoruka kurasa kama hizi wakidhani ni za wanawake. Kaka, hii inakuhusu. Mwajiri wako anatakiwa kukupa angalau siku 3 zenye malipo ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa. Kwa mtoto njiti, marekebisho ya 2025 yamezifikisha siku 7. Siku 3 ni chache, lakini ndizo unazoweza kuzitumia kufuatilia karatasi wakati mama amelala kitandani.

Na kuna jambo jingine. Mimi na mume wangu tulipitia kipindi kigumu baada ya ile fomu. Hatukugombana kwa sauti. Tulikuwa tunapishana ndani ya nyumba. Nilikuwa nikimtazama akienda shule asubuhi na ajira yake ya kudumu, nasema moyoni, wewe ndiye uliyesema tusubiri, wewe ndiye uliyesema tuache. Sikuwa namtendea haki, kwani mdomo ninao na ningeweza kukataa. Mwaka mzima ukapita ndipo siku moja, tukiwa tunamwogesha mtoto, akasema mwenyewe: "Niliogopa. Mshahara wangu peke yake usingetosha, nikaogopa, nikasema usiseme."

Hapo ndipo tulipoanza kupona. Kumbe wote wawili tulikuwa na hofu moja, ila kila mtu aliificha kivyake, kama nilivyolificha tumbo. Kwa hiyo wanandoa, siku kipimo kikionyesha mistari miwili, mkishafurahi, kaeni chini na mikataba yenu yote miwili mezani. Ulizaneni: wako unaisha lini? Tutawaambia lini? Mkikataa tutaishi na nini kwa miezi 6? Ni mazungumzo yasiyo na mahaba kabisa, lakini mimi nayahesabu kuwa ni mapenzi.

Kiti kilipogeuka

Nimalizie na hili. Mwaka jana binti mmoja wa idara ya usanifu wa kurasa, mkataba wa mwaka mmoja, aliingia ofisini kwangu akafunga mlango taratibu. "Shikamoo dada. Nina jambo." Nikajua kabla hajakaa.

Nitasema ukweli. Kabla neno hongera halijafika mdomoni, kichwani mwangu lilipita jingine: sasa toleo la Desemba nani atalipanga?

Nikashtuka na nafsi yangu. Huenda ndivyo alivyowaza na bosi wangu wa 2016. Labda hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kazi ya kumaliza na mstari mmoja wa kufuta. Ndiyo maana haki hii haiwezi kuachwa kwenye huruma ya bosi, hata bosi akiwa ni mimi.

Nikamwambia hongera, mdogo wangu. Kisha nikampa karatasi, nikamwambia andika barua sasa hivi, nakala 2. Nikagonga muhuri mwenyewe. Mkataba wake uliongezwa kabla hajaenda likizo, na akarudi kwenye kiti chake.

Toleo la Desemba lilichelewa siku 3. Hakuna msomaji aliyetuandikia kulalamika.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.